Tathmini: fahirisi za uhuru wa kisiasa, na mlango unaoingiza undumakuwili

Anayetaka kujua kama serikali fulani inawaachia wakosoaji wake nafasi ya kupumua huishia kwenye bidhaa zile zile. Mwandishi wa habari huchukua alama ya Freedom House, mwekezaji huchukua ya Economist Intelligence Unit (EIU), mtafiti hupakua data za demokrasia za V-Dem, na kila ikikaribia tarehe 3 Mei watu husubiri orodha ya Waandishi wa Habari Wasio na Mipaka (RSF). Zote hutupiwa lawama moja, ya mkuki kwa nguruwe: adui akimfunga mkosoaji huo ni ukandamizaji, rafiki akifanya hivyo ni "changamoto".

Tumezipima kama bidhaa nyingine yoyote: zimeundwaje, zinavunjikia wapi, zinafaa kazi gani. Lawama ina ukweli, ila wengi huielekeza mahali pasipo. Ukifungua alama zenyewe utakuta upendeleo kidogo kuliko unavyotarajia. Undumakuwili umejaa sehemu mbili nyingine, kwenye mpaka wa kinachopimwa na kwenye mkono wa anayeitumia namba baada ya kutoka.

Freedom House: maswali 25, alama 100

Shirika lilianzishwa Marekani mwaka 1941 na ripoti yake ya kila mwaka inatoka tangu 1973. Muundo ni rahisi kuushika. Maswali ni 25, kila moja lina alama 0 hadi 4: kumi ya haki za kisiasa (jumla 40) na kumi na tano ya uhuru wa kiraia (jumla 60). Kuna na swali la pembeni, linalohusu serikali kubadilisha kwa makusudi mchanganyiko wa watu wa eneo fulani. Hilo halitoi alama, hukata tu, kati ya 1 na 4. Jumla ndiyo inayozaa zile lebo tatu: Huru, Huru kwa Kiasi, Si Huru.

Ukiishia kwenye lebo umenunua kifungashio. Kwa suala la wakosoaji fungua maswali matatu: D4 (je, mtu anaweza kutoa maoni yake ya kisiasa bila kuogopa kufuatiliwa au kulipiziwa kisasi?), E1 (uhuru wa kukusanyika) na F2 (je, kesi zinafuata utaratibu wa sheria?). Chini ya kila swali kuna aya inayoeleza sababu ya alama. Aya hizo ndizo sehemu bora ya bidhaa hii, na ndizo zinazosomwa na wachache zaidi.

Je, inawabeba marafiki wa Marekani? Kwa zamani dalili zipo. Mwaka 2016 mtafiti Nils Steiner alilinganisha alama hizi na vipimo vingine akaona upendeleo kwa washirika wa Marekani, ulio wazi zaidi kwa miaka ya kabla ya 1988. Anayedai hivyo leo afungue kwanza ukurasa wa Saudi Arabia. Tangu toleo la 2018 hadi la 2025 nchi hiyo haikufika hata 10 kati ya 100, na kila mwaka Iran ilikuwa juu yake. Marekani yenyewe ilishushwa kutoka 94 hadi 83 katika muda wa miaka kumi, kufikia toleo la 2021. Mizani ya kumbeba rafiki haifanyi kazi hivyo.

Ila alama ya Saudi Arabia ikishatoka haina inakokwenda. Linganisha na kinachowapata wengine. Shirika la serikali ya Marekani liitwalo Millennium Challenge Corporation, lililoanzishwa 2004, hutoa ruzuku kubwa kwa nchi za kipato cha chini, na kigezo chake cha haki za kidemokrasia hutegemea Freedom House: nchi ivuke alama 17 kati ya 40 kwenye haki za kisiasa, au 25 kati ya 60 kwenye uhuru wa kiraia. Ikikwama kote kuwili, mradi wa barabara au umeme unaweza kuishia hapo. Nchi tajiri kama Saudi Arabia haimo kabisa kwenye orodha ya waombaji, kwa hiyo alama 8 haiigharimu hata senti. Nayo Misri, ambayo alama zake ziko chini mno, hutengewa msaada wa kijeshi wa dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Sehemu ya fedha hizo imefungwa kwa masharti ya haki za binadamu, na sheria hiyo hiyo inairuhusu serikali kuyaweka kando kwa hoja ya usalama wa taifa. Septemba 2024 fedha zilitolewa zote.

Tuje kwenye mpaka wa kinachopimwa. Maeneo yenye mgogoro hupewa ukurasa wake. Israel hupimwa peke yake na imekuwa ikiwekwa kundi la Huru. Ukingo wa Magharibi na Ukanda wa Gaza hupimwa kando, na wote ni Si Huru. Sasa chukua kitu kimoja kidogo, Amri ya Kijeshi namba 101, iliyotolewa na jeshi la Israel mwaka 1967. Inataka kibali kwa mkusanyiko wa kisiasa wa watu 10 au zaidi katika Ukingo wa Magharibi, na adhabu yake hufika miaka 10 jela. Amri hiyo haiigusi E1 ya Israel hata kidogo. Huangukia kwenye ukurasa wa Ukingo wa Magharibi, ambako huchanganyika na makosa ya Mamlaka ya Palestina, na msomaji wa haraka hawezi tena kujua ni nani aliyepoteza alama ipi.

Si Israel pekee inayonufaika. Hong Kong haimo ndani ya alama ya China, wala Crimea ndani ya ile ya Urusi. Novemba 2022 washauri wa uchumi wa Waziri Mkuu wa India walilalamika kwamba Kupro ya Kaskazini, eneo linalotambuliwa na Uturuki tu, linaitwa Huru huku India ikiwa imeshushwa kuwa Huru kwa Kiasi. Malalamiko yana uzito, lakini walalamikaji nao wamekaa kwenye kivuli cha mti huo huo: upande wa Kashmir unaotawaliwa na India hupimwa kando, uliwekwa Si Huru katika toleo la 2020, na hauiondolei Delhi alama hata moja. Kanuni ni moja kwa wote, na humsafisha kila anayetawala eneo lenye mgogoro.

Kasoro nyingine ni gundi. Kila mwaka mchambuzi huanza na alama ya mwaka uliopita na huibadilisha pale tu lilipotokea jambo la kuihalalisha. Hilo huzuia alama kuyumba ovyo, lakini huhifadhi pia ulaini au ukali wa miaka ya nyuma. Nchi iliyopewa 4 enzi za utulivu hubaki nayo huku sheria za kubana maandamano zikipita kidogo kidogo, moja mwaka huu na moja mwaka wa pili, hakuna hata moja yenye kishindo cha kutosha. Na ngazi yenyewe ina hatua tano tu. Kati ya 3 na 4 kuna nafasi ya kupitisha lori.

Fedha: kwa miaka mingi sehemu kubwa ilitoka serikali ya Marekani, na misaada ilipokatwa mwaka 2025 shirika lilipunguza watu na programu. Mnunuzi ajue hilo, hata kama alama za Saudi Arabia na za Marekani zinaonyesha kwamba mlipaji hakuwa akichagua wimbo kila mara.

EIU: inafaa kubandikwa ukutani

Fahirisi hii ya demokrasia ipo tangu 2006. Ina maswali 60 katika makundi matano, majibu mengi yakiwa 0, nusu au 1, na jumla ni kati ya 0 na 10. Juu ya 8 ni demokrasia kamili, juu ya 6 ni demokrasia yenye kasoro, juu ya 4 ni mseto, chini ya hapo ni utawala wa kimabavu. Namba ni safi na hupendeza kwenye slaidi.

Taabu ni kwamba majina ya wanaotoa alama hayatajwi, na pale ambapo kura za maoni hazipo, pengo hujazwa kwa makisio ya wataalamu hao hao. Mipaka ya makundi nayo huzua habari pasipo habari. Marekani ilitoka 8.05 mwaka 2015 hadi 7.98 mwaka 2016, na vichwa vya habari vikatangaza kwamba si demokrasia kamili tena. Ufaransa iliangukia upande huo huo kwa 7.99 katika toleo la 2024. Tofauti ya 0.07 ni swali moja au mawili kubadilishiwa jibu.

Jambo moja la kushangaza kwa anayetafuta habari za wakosoaji: utayari wa raia kushiriki maandamano halali huhesabiwa kama sifa, chini ya kundi la ushiriki. Virungu vya polisi huhesabiwa kwingine, kwenye uhuru wa kiraia. Ukitazama jumla pekee, ujasiri wa waandamanaji unaweza kufunika sehemu ya ukatili waliofanyiwa. Soma makundi mawili hayo bega kwa bega au usiisome kabisa.

V-Dem: nzito, na ndiyo tunayoipendekeza kwa kulinganisha

Inatengenezwa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden. Data zake zinarudi nyuma hadi 1789, wataalamu ni maelfu, na lengo ni angalau watano kwa kila swali la nchi, wengi wao wakiwa wenyeji au wakazi wa nchi wanayoipima. Faili ni bure, katika CSV, R, Stata na SPSS. Asiyetaka kugusa faili anaweza kuchora grafu kwenye tovuti.

Kinachoitenganisha na nyingine ni namna inavyokabili tatizo lenyewe la mizani miwili. Mtaalamu aliyezoea nchi tulivu huona kamatakamata ya siku moja kama janga. Aliyekulia chini ya jeshi huona ni Jumatatu ya kawaida. Kwa hiyo wataalamu hupewa pia visa vya kubuni, maelezo mafupi ya nchi isiyokuwepo, wavipe alama. Kwa kuwa kisa ni kile kile kwa wote, inaonekana nani ni mkali na nani ni mlegevu, na modeli ya takwimu hurekebisha majibu yao kabla hayajawa alama ya nchi. Kati ya zote tulizopima, hii ndiyo inayoukubali undumakuwili wa mpimaji kama kosa la kifundi na kujaribu kulisahihisha.

Ukishapakua, usikimbilie fahirisi kubwa. Tafuta v2csreprss (serikali inavyoyabana mashirika ya kiraia) na v2cldiscm pamoja na v2cldiscw (uhuru wa kuzungumza, wanaume na wanawake kila mmoja kwa safu yake). Kila kipimo kina safu mbili za pembeni, zinazoishia na _codelow na _codehigh, yaani kiwango cha chini na cha juu ambamo thamani halisi huenda imo. Nchi mbili ambazo viwango hivyo vinapishana usizitangaze kuwa tofauti. Kosa hili hufanywa kila Machi, ripoti inapotoka: mtu huona 0.61 na 0.58, tayari ana mshindi.

Udhaifu upo. Bado ni maoni ya watu, na watu wana misimu yao ya hofu. Watafiti Andrew Little na Anne Meng wamehoji hadharani kama kuporomoka kwa demokrasia kunakoonekana kwenye alama za wataalamu kunathibitishwa na vipimo visivyotegemea maoni, mfano mara ngapi walio madarakani hushindwa uchaguzi. Walichokiona ni kwamba vipimo hivyo vimesogea kidogo tu. Watengenezaji wa V-Dem wamejibu, na mjadala haujafungwa.

Halafu kuna mnyororo ambao wengi hawauoni. Viashiria vya utawala vya Benki ya Dunia hukusanya Freedom House, EIU, RSF na V-Dem ndani ya kipimo kimoja cha sauti ya raia na uwajibikaji. Kampuni ya Fitch nayo hutumia viashiria vya Benki ya Dunia kupima uwezo wa nchi kulipa madeni. Maoni ya wataalamu watano yanaweza kuishia kwenye riba ya hatifungani. Mwenye akiba nene ya fedha za kigeni hatikisiki. Anayekopa kila mwaka hulipa tofauti hiyo.

RSF tuipite haraka. Kwa uhuru wa habari ni nzuri, nchi 180, vigezo vitano. Lakini mbinu ilibadilishwa 2022, na nafasi ya nchi kabla na baada ya mwaka huo hazilinganishwi. Anayeandika "imeshuka nafasi 20 tangu 2021" anapima kwa futi na mita kwa pamoja.

Huduma ya bure ya Umoja wa Mataifa

Nje ya fahirisi kuna Mapitio ya Kila Mara (UPR kwa kifupi cha Kiingereza) ya Baraza la Haki za Binadamu, Geneva, yaliyoanza 2008. Kwenye karatasi ndiyo dawa ya undumakuwili, kwa kuwa nchi zote 193 hukaa kwenye kiti kile kile, moja moja, kila baada ya takribani miaka minne na nusu. Kikao ni saa tatu na nusu. Nchi inayopitiwa ina dakika 70, nyingine zote hugawana 140. Zikijiandikisha nchi 110, kila moja inapata kama sekunde 76, salamu zikiwemo. Marafiki hupanga foleni mapema na kuzimaliza kwa pongezi.

Kwenye mapendekezo, angalia kitenzi. "Kuendelea kuboresha mazingira ya asasi za kiraia" ni zawadi. "Kufuta kifungu fulani na kuwaachia waliofungwa kwacho" ni pendekezo. Nchi hujibu kwa "kuunga mkono" au "kuzingatia tu", na hilo la pili ni hapana yenye tai. Hazina ya mapendekezo ya shirika la UPR Info hukuruhusu kuchuja nani alimwambia nani nini. Chagua nchi yoyote yenye nguvu, weka orodha ya iliyowaambia washirika wake kando ya iliyowaambia mahasimu. Dakika ishirini zinatosha.

Baraza lenyewe lina kipengele cha kudumu kwenye ajenda kwa ajili ya nchi moja tu, kipengele cha 7, kuhusu Israel na maeneo ya Palestina. Oktoba 2022 baraza hilo hilo lilikataa hata kujadili ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu eneo la Xinjiang, China, kura 19 dhidi ya 17, 11 zikijizuia. Agosti 2025 Marekani ikatangaza haitashiriki mapitio yake yenyewe. Wakati huo huo Wizara yake ya Mambo ya Nje huchapisha kila mwaka ripoti ya haki za binadamu ya nchi zote isipokuwa Marekani, na China hujibu kwa ripoti yake kuhusu Marekani pekee. Nyani haoni kundule, na hawa wawili wameajiri wahariri wa kuthibitisha hilo.

Jaribio la bango

Kabla ya kuiamini bidhaa yoyote, ijaribu kwa tendo moja. Anza na tendo, jina la nchi lije baadaye. Mfano: mtu mmoja, barabarani, ameshika bango, hajamgusa mtu. Andika vitu vinne: kifungu kilichotumika, adhabu ya juu kabisa, ngazi inayofuata akirudia, na kama mtu huyo ana njia ya kushinda.

Urusi, kuanzia Machi 2022: kosa la kwanza la "kulidhalilisha jeshi" ni la kiutawala, faini ya rubo 30,000 hadi 50,000. Akirudia ndani ya mwaka ni jinai. Kando yake kuna kifungu 207.3 cha "habari za uongo" kuhusu jeshi, kinachofika miaka 15. Julai 2022 diwani wa Moscow, Alexei Gorinov, alihukumiwa miaka 7 kwa maneno aliyoyasema kwenye kikao, walipokuwa wakijadili mashindano ya watoto ya kuchora. Wanaoachiwa huru na mahakama za jinai za Urusi ni chini ya asilimia 1.

Uingereza, Julai 2025: kundi la Palestine Action lilipigwa marufuku chini ya Sheria ya Ugaidi ya 2000. Tarehe 9 Agosti watu zaidi ya 500 walikamatwa London kwa siku moja, wengi kwa kushika mabango ya kuliunga mkono kundi hilo, karibu nusu yao wakiwa na miaka 60 au zaidi. Kifungu cha 13 kina adhabu ya hadi miezi 6. Mwishoni mwa Julai Mahakama Kuu ilikuwa tayari imeruhusu marufuku yenyewe ipingwe.

Jedwali hili dogo linaudhi pande zote. Kwa kosa la kwanza la bango, adhabu ya kwenye karatasi ya London ni nzito kuliko ya Moscow. Ukipanda ngazi, Moscow inafika miaka 15 na mlango wa kutokea haupo, London mlango wa mahakama uko wazi. Anayesema ni sawa kabisa hajasoma safu ya nne. Anayesema hazilinganishwi hajasoma ya pili.

Sasa fungua D4 na E1 za nchi hizo, nakili aya zake, futa majina ya nchi na ya miji, mpe mwenzako asome. Mwambie apige mstari chini ya vitenzi. "Polisi walitawanya", "waandamanaji walisambaratishwa", "hali ya taharuki ilizuka": tendo ni moja, mtendaji anafifia kadiri uhusiano unavyokuwa mzuri. Aya ikikosa mtendaji, namba iliyo juu yake ipunguzie imani.

Namna ya kunukuu bila kuumbuka

Toleo la 2025 la Freedom House linapima Januari hadi Desemba 2024. Andika mwaka unaopimwa, la sivyo utamlaumu rais ambaye hakuwa madarakani. Nukuu swali na alama yake ("E1: 2 kati ya 4") kabla ya jumla, na kama nchi ina eneo lenye ukurasa wa pembeni, taja kurasa zote mbili kwenye sentensi moja. Kwa EIU weka makundi matano, usiweke lebo peke yake. Kwa V-Dem weka namba ya toleo la data, maana kila toleo hurekebisha hata miaka ya nyuma: thamani ya 2015 ndani ya toleo la 10 si lazima ilingane na ile ya toleo la 15. Hifadhi faili ulilotumia, na usichanganye matoleo mawili kwenye grafu moja.